Uso Unaotazama Kulia

Katika nyumba ya akina Numisio, wafu walikuwa na kazi nyingi kuliko walio hai. Kila mzee wa ukoo aliyewahi kushika cheo Roma alikuwa na kabati lake ukumbini, na ndani ya kabati kulikuwa na uso wake wa nta, umepakwa rangi, una nywele na matundu ya macho. Akifa mtu mkubwa, makabati yanafunguliwa, waigizaji wanakodiwa, kila mmoja anavishwa uso wake, na ukoo mzima uliokufa unashuka barabarani kumsindikiza mwenzao mpya. Aliyetangulia mbele ya wote ni Babu Numisio, yule aliyefungua ghala la ngano mwaka wa njaa. Na Babu Numisio alikuwa ni Tirso.

Alikuwa Babu Numisio tangu nywele zake mwenyewe zikiwa nyeusi. Alizaliwa mtumwa katika nyumba hiyo, akaachwa huru, lakini uhuru wa Roma una kamba ndefu: bwana wako wa zamani akikuita, unakwenda. Walimwita kila penye mazishi. Walimfundisha kuchechemea mguu wa kulia, kwa kuwa Babu alichechemea. Jeraha la vita, walisema. Tirso akachechemea kwa bidii ya ujana mpaka goti lake likaamini. Sasa hata akienda kuteka maji alichechemea, na kuacha hakuweza tena.

Kiangazi hicho alikufa ami wa bwana mdogo wa nyumba, Kwinto Numisio, na kama kawaida ya watu wakubwa marehemu hakujali wengine, akafa siku za joto kuliko zote. Tirso alitembea kutoka nyumbani hadi uwanja mkuu, joho la sufi mabegani, nta ikimbana mashavuni. Akakalishwa kwenye kiti cha pembe za ndovu pamoja na wafu wenzake, wakamsikiliza Kwinto akihutubia. Kijana alikuwa na sauti nzuri na alijua kwamba anayo, kwa hiyo hotuba haikwisha upesi. Jasho lilimtiririka Tirso ndani ya barakoa likamwingia machoni, naye akaliacha. Maiti hajifuti jasho.

Jioni akapanda ngazi za nyumba ya kupanga kule Subura, hadi chumba cha juu kabisa, ambako joto na maskini hupandishwa pamoja. Akavua viatu, akainama kwa kuguna, akavuta chungu kilichokuwa chini ya kitanda.

"Hilara," akasema, "leo nimekufa tena. Naona nimeanza kuzoea."

Hilara, mkewe, ndiye aliyekuwa ndani ya chungu, majivu, tangu mavuno ya zabibu yaliyopita. Enzi za uhai wake alikuwa mtu wa kucheka kila kitu, bwana na mtumwa, mungu na mchuuzi. Jambo moja tu hakulifanyia mzaha. Alipokuwa mtoto aliyaona mashimo ya nje ya mji wanakotupwa wasio na mtu, binadamu na mbwa pamoja, na hakuyasahau. Akamwapisha Tirso: mimi uniweke ukutani, na jina langu lichongwe, mtu akipita alisome hata kama hanijui.

Akina Numisio walikuwa na ukuta wa namna hiyo kando ya njia ya Apia, kwa ajili ya watu wao waliowaacha huru. Ukuta mzima ni mashubaka, na kila shubaka lina matundu mawili sakafuni mwake, chungu cha mume na chungu cha mke. Februari ikifika, ukoo hupeleka mvinyo na mkate, na kila jina hupata tone lake. Tirso aliahidiwa shubaka siku ile ile Hilara alipochomwa. Alipokwenda kuuliza, msimamizi alisema ngoja mazishi yapite. Yalipita, yakaja mengine. Ahadi ni deni, watu husema; basi hawajawahi kumdai tajiri.

Na Tirso alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka nao umeondoka. Kila alipopanda zile ngazi alijiuliza itakuwaje akianguka siku moja asiamke. Mwenye nyumba angekuja na ufunguo, angetoa kitanda, angetoa blanketi, na chungu angekitupa uchochoroni pamoja na vigae vingine. Mwenye nyumba angejuaje kwamba kina mtu?

Mazishi ya ami hayajapoa, Kwinto akamwita. Kijana alikuwa amepata cheo chake cha kwanza: mmoja wa vijana watatu wanaosimamia kiwanda cha sarafu mwaka huo, kule kilimani karibu na hekalu la Juno. Kila anayekalia kiti hicho hutia kwenye dinari kitu cha kuwasifia watu wa kwao. Mmoja alitia tembo kwa kuwa mzee wao aliwahi kuteka tembo. Mwingine alitia mungu wa kike juu ya gari la farasi, akidai ni bibi yao wa zamani. Watu waliguna, wakaitumia fedha hiyo hivyo hivyo.

"Mimi namtia Babu," Kwinto akasema. Alikuwa amesimama mbele ya kabati lililo wazi. "Uso wake upande mmoja, suke la ngano upande wa pili. Kila atakayenunua samaki Roma hii atakuwa amemshika babu yangu mkononi. Mwakani nikigombea cheo kikubwa, watu watakuwa wananijua."

"Ni jambo jema, bwana mdogo."

"Wewe ndiye unayejua kuushika huu uso. Upeleke kwa mchonga mihuri, ukae nao, uurudishe. Usiuache hata kidogo."

Tirso akaona hapo ndipo pa kusemea. "Bwana mdogo, na lile shubaka la mke wangu..."

"Bado tu? Hawa watu!" Kwinto akaweka mkono juu ya kipaji cha nta. "Babu akitoka vizuri, shubaka lako. Naapa mbele yake."

Aliapa akiitazama barakoa. Tirso alikuwa amesimama pembeni, karibu kabisa, lakini Kwinto hakuwa na desturi ya kumtazama. Tangu utoto wake alimzoea akiwa amefunikwa.

Kiwandani kulikuwa na kelele za kutia wazimu. Mtu mmoja alitoa vipande vya fedha motoni kwa koleo, akaviweka kimoja kimoja juu ya muhuri uliokazwa kwenye fuawe. Wa pili akashika muhuri wa juu. Wa tatu akateremsha nyundo. Mlio mmoja, dinari moja. Mchonga mihuri, Zosimo, Mgiriki mwenye kipara na macho mekundu, mtumwa wa serikali, alikaa kwenye chumba cha nyuma ambako ukuta mmoja ulikuwa mgongo wa tanuri.

"Mweke hapa kwenye mwanga," akasema, akauchukua uso wa nta na kuuinamisha huku na huku. "Atazame kushoto."

"Kwa nini kushoto?"

"Kwa sababu kwenye muhuri kila kitu ni kinyume, mzee. Akitazama kushoto kwangu, akigongwa kwenye fedha atatazama kulia. Wakubwa wote kwenye dinari hutazama kulia. Usiniulize wanaangalia nini."

Siku ile alichora tu, sikio na nywele, kwenye kibao. Tirso akakaa kwenye kigoda, akaegemea ukuta wenye joto. Kazi yake ilikuwa kuulinda ule uso, basi. Lakini nyundo ilikuwa ikipiga kwa mpango mmoja, na goti lilipopata moto likatulia, na usingizi hauna adabu, haujali umekukuta wapi. Zosimo akatoka kwenda kunoa vyuma vyake. Mfanyakazi mmoja akaingia na sinia la vipande vya fedha, akakosa pa kuliweka, akamwinua Babu Numisio akamweka juu ya rafu, penye tundu la kutolea moshi wa tanuri. Hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemwambia kwamba ni mtu mkubwa.

"Mzee! Mzee, amka! Babu yako anashuka!"

Tirso akafumbua macho. Zosimo alikuwa ameshika barakoa kwa mikono miwili, na kati ya vidole vyake heshima yote ya ukoo wa Numisio ilikuwa inadondoka. Pua ilikuwa imefika kidevuni. Jicho moja limefumba lenyewe, jingine limepanuka kupita kiasi, na mdomo umevutika upande kwa dharau.

Wakatazamana.

"Shubaka langu," akasema.

"Shubaka gani? Mgongo wangu! Unajua wanavyochapa watu hapa?" Zosimo akaufunga mlango. "Haya, wewe umemvaa miaka yote. Niambie yukoje. Pua?"

Tirso akafikiri. Akafikiri tena. "Sijui."

"Hujui vipi?"

"Mimi namjua kwa ndani. Najua pa kupumulia. Najua kuna mwiba wa nta hapa, karibu na nyusi ya kushoto, unachoma ukigeuka. Kwa nje nilimwona wakati wa kumtoa kabatini tu, na huo ndio wakati wa haraka." Akajifuta uso. "Nilikuwa ndani, Zosimo. Anayemwona ni yule aliye barabarani."

Zosimo akatukana kwa Kigiriki, kwa muda. Kisha akachukua kibao chake, akatazama alichokuwa amechora, akamtazama Tirso, akarudia.

"Simama," akasema. "Tembea. Tembea kama siku ya mazishi."

"Nimechoka, mwanangu."

"Tembea!"

Tirso akatembea. Kutoka mlangoni hadi dirishani kulikuwa na nafasi ya hatua chache, lakini hakuhitaji zaidi. Kidevu kikapanda, mabega yakajiachia, midomo ikakaza, macho yakawatazama watu wasiokuwepo, kwa ukarimu wa mtu anayegawa vya watu. Alipogeuka, Zosimo alikuwa amekodoa macho.

"Simama hapo hapo. Tazama kushoto." Alisogea karibu, akamgusa shavu kwa kidole kama mtu anayepima unga. "Lo! Mashavu ndiyo haya haya. Na hapa chini ya jicho. Mzee, nta si jiwe. Ulikuwa unaivaa juani, inalainika, inakufuata wewe. Kila mazishi ilikuwa inakufuata kidogo. Masikio na nywele ndivyo vilivyobaki vya mwenyewe."

"Na pua?"

"Pua nitatia yako. Tuna nyingine?"

Ndivyo Babu Numisio alivyochongwa. Ile nta iliyoharibika Tirso aliivingirisha kwenye kitani, akairudisha mwenyewe, akafunga kabati. Kwinto aliuliza kama ameirudisha, naye akajibu kwamba ameirudisha.

Dinari za kwanza zilipotoka, Kwinto alizishika zikiwa bado na joto, akasogea dirishani. Tirso na Zosimo walikuwa wameinamisha vichwa kama watu wanaongoja fimbo.

"Babu hasa!" kijana akapaza sauti. Machozi yalikuwa yanamlenga kweli. "Babu mwenyewe! Nywele zimenisimama. Hii midomo, hili jicho... Nimemwona hivi tangu nikiwa mtoto." Akamtupia Tirso dinari moja bila kumtazama. "Chukua, na wewe umeteseka."

"Na shubaka, bwana mdogo?"

"Uchaguzi upite tu, Tirso. Sasa nina mambo mengi."

Tirso hakukasirika hata. Hasira nayo inataka nguvu. Alirudi Subura, akapanda ngazi, akaweka dinari juu ya mfuniko wa chungu, akalala na nguo zake.

Ingeishia hapo, ila fedha ina miguu. Hazikupita siku nyingi, Tirso akashuka sokoni kununua dengu kwa Fausta, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na mlango, rafiki wa marehemu Hilara. Fausta alikuwa ametoka kulipwa dinari na mpishi wa nyumba kubwa. Aliiangalia, akainua macho, akaiangalia tena.

"Tirso! Hebu geuka."

"Nigeuke wapi?"

"Upande, nakwambia. Kidevu juu." Akapiga kofi pajani. "Yarabi miungu yote! Nyie, njooni muone! Mume wa Hilara yuko kwenye hela! Na mimi nilidhani umekonda kwa njaa, kumbe ni kupigwa nyundo!"

Watu wakajaa. Dinari ikapita mkono kwa mkono. Muuza nyama akaiweka kando ya shavu la Tirso, akafumba jicho moja kupima.

"Ndiye, jamani, ndiye! Mwigizaji wa mazishi kwenye fedha ya Roma. Mwakani watamtia punda wangu."

"Punda wako ana sura nzuri zaidi," Fausta akasema. "Shikamoo, mheshimiwa! Nikuuzie dengu au nikupe chenji?"

Tirso akacheka nao, kwa kuwa asiyecheka ndiye anayekamatwa. Lakini alijua hatari yake. Kazi ya uigizaji Roma ni kazi ya aibu. Sheria yenyewe inamweka mwigizaji kapu moja na malaya na mpiganaji wa uwanjani. Na sasa mtu wa aina hiyo ndiye aliyekuwa babu wa Kwinto Numisio katika kila mfuko wa mji.

Kesho yake akaitwa, na hakuitwa na Kwinto. Aliyemwita ni Shangazi Numisia, binti wa Babu mwenyewe, mjane aliyerudi kuzeekea nyumbani kwa baba yake. Katika watu wote walio hai, yeye peke yake ndiye aliyemwona Babu Numisio akila na akikoroma. Tirso alimkuta ukumbini, kabati liko wazi, ile nta mbaya imelala mapajani mwake juu ya kitani. Dinari alikuwa ameishika vidoleni.

"Sogea kwenye mwanga," akasema. "Geuka upande."

Tirso akageuka. Hakuna aliyetaka kumwona kwa mbele siku hizo.

"Bibi, mimi..."

"Nyamaza kwanza. Baba yangu alikuwa na pua fupi, imebonyea. Tazama, mimi ninayo. Hii ya kwenye hela imenyooka. Nzuri. Nani kakupa?"

"Mama yangu, bibi."

Bibi kizee akacheka mpaka akakohoa, akajifuta mdomo kwa ncha ya shuka. "Kila mazishi nilimwona baba amebadilika kidogo. Nikasema ni macho yangu yanazeeka. Kumbe wewe ulikuwa unaingia, yeye anatoka." Akaigusa nta ile kwa kidole. "Kuishi kwingi ni kuona mengi. Unajua alivyolifungua lile ghala?"

"Mwaka wa njaa, bibi. Kwa huruma."

"Alilifungua wenye njaa walipokuwa wameshauwasha moto mlango. Na mguu aliuvunja kwa kuanguka kwenye nyumbu, akitoka kunywa. Umemtembeza vizuri kuliko alivyotembea mwenyewe, Tirso. Mimi nimempenda huyu wa kwako zaidi."

Lilikuwa neno zuri, na Tirso, aliyekuwa hajaambiwa neno zuri tangu Hilara afe, aliinamisha kichwa. Lakini Shangazi Numisia alikuwa mwanamke wa ukoo ule, na neno zuri kwake lilikuwa la kulainishia jingine.

"Kwinto hajui," akasema. "Hajui kwa sababu hajawahi kukutazama. Lakini sokoni wanakutazama. Mpishi wangu alirudi na kicheko chao jana. Mwakani mtoto akisimama kugombea, watamwimbia nyimbo njia nzima: mjukuu wa mwigizaji. Fedha haiwezi kurudishwa, imeshatoka. Kinachoweza kuondoka ni wewe."

"Niende wapi, bibi?"

"Shamba letu la kusini, kule kwenye kondoo. Huko watu hubadilishana jibini kwa mafuta, dinari wanaiona siku ya arusi. Kesho anakuja mtu wa kutengeneza nyuso, atakupaka jasi, atoe uso mpya tuuweke kabatini. Jasi likikauka unaondoka. Hurudi. Funika kombe mwanaharamu apite."

Tirso akakaa sakafuni bila kuambiwa, mgongo kwenye kabati la wafu. Katika nyumba ile hakuwa amewahi kukaa bila kuambiwa. Goti lilikuwa linamuuma, na ghafla akaona kwamba hakuna kitu walichobaki nacho cha kumtisha.

"Kwanza shubaka," akasema. "Uso wangu mnauhitaji ukiwa umetulia. Jasi linataka mtu asiyetingishika. Mimi nikiwa na mawazo natingishika, bibi."

Bibi kizee akamtazama kwa mara ya kwanza kwa mbele. "Umejifunza wapi biashara?"

"Miaka yote nimekuwa baba yako."

Akacheka tena, kidogo. "Mwanamke wako anaitwa nani?"

"Hilara."

"Shubaka lake litatolewa leo. Jina lichongwe. Februari atapata mvinyo, nitalisema mwenyewe."

"Na tundu la pili? Yana matundu mawili."

"La pili libaki tupu."

"Majivu hayana uso, bibi. Mimi nikishafia huko, nikichomwa, nani atanitambua?"

"Hakuna," akasema Shangazi Numisia. "Wala sikatazi majivu yako kurudi." Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa imechoka kama ya Tirso. "Lakini nani atakuleta?"

Tirso aliwafikiria wachunga kondoo wasiomjua, mwendo wa kutoka kusini hadi mlango wa Roma, na mtu wa kubeba chungu cha mzee mgeni njia yote hiyo bila ujira. Hakumpata. Aliwaza pia kumchukua Hilara waende wote. Lakini shambani mtumwa na mtu huru huzikwa mtaroni bila jiwe, na Hilara alimwapisha juu ya jina la Hilara, si la Tirso. Akashika kabati, akainuka.

Mtu wa kutengeneza nyuso alikuja na ndoo yake. Akamlaza, akamtia mafuta usoni, akamwekea majani makavu puani ya kupumulia, akamfunika kwa jasi baridi. Akamwonya asitabasamu. Tirso hakuwa na nia hiyo. Chini ya jasi kulikuwa kimya na giza, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtaka atembee.

Asubuhi ya safari alipita njia ya Apia, chungu kifuani ndani ya shuka. Mwashi alikuwa ameshafika ukutani, kijana mwenye haraka, chokaa imeshakorogwa. Shubaka lilikuwa la safu ya chini, karibu na njia, ambako wapita njia husoma bila kunyanyua shingo. Jiwe lilikuwa limechongwa: HILARA, na chini yake, mke wa Tirso. Hilara angelifurahia. Angesema herufi zimepinda, kisha angelia.

Mwashi alichukua chungu, akakitia kwenye tundu la kushoto, akaanza kupaka chokaa pembezoni.

"Hili la kulia la nani? Niliache wazi?"

Tirso akatoa ile dinari aliyotupiwa. Alikuwa ameing'arisha kwa shuka usiku kucha akiwaza. Akainama, akaishusha ndani ya tundu la pili, akatazama. Akabaki ameinama.

"Hapana," akasema. "Mhamishe. Yeye umtie kulia."

"Mzee, nimeshapaka!"

"Paka tena."

"Kuna tofauti gani? Matundu ni yale yale!"

"Huyu anatazama kulia," Tirso akasema. "Ukimwacha mke wangu kushoto, atakuwa amempa kisogo."

Mwashi akainama naye, akaona ile fedha nyeupe chini ya tundu, na uso uliokuwa juu yake. Akamtazama mzee. Akaitazama fedha. Mdomo wake ukafunguka.

"Mbona huyu..."

"Ni Babu Numisio," Tirso akasema. "Aliyewapa watu ngano."

Kijana akabandua chokaa yake polepole, akakitoa chungu, akakihamishia tundu la kulia kwa mikono miwili. Dinari ikabaki kushoto, kidevu juu, ikimtazama Hilara. Tirso akachungulia mpaka akaridhika. Kisha akaomba mkono wa kuinukia, maana goti lilikuwa limegoma.

"Ziba," akasema.

Mwashi akaziba matundu yote mawili. Tirso akakaa kando ya njia mpaka chokaa ikashika, halafu akaanza kuchechemea kuelekea kusini.